Mgeni na Kigoda

Wahenga walisema maneno mawili juu ya mgeni, na maneno hayo hayapatani. La kwanza lasema: mgeni njoo, mwenyeji apone. La pili lasema: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika neno la kwanza mgeni ni dawa, kwa kuwa siku ya kuja kwake chungu huinjikwa mekoni, na nyumba iliyokusudia kulala na njaa hushiba pamoja naye. Katika neno la pili mgeni ni mzigo, na hakuna bega lichukualo mzigo siku zote. Lakini yuko mgeni wa namna ya tatu, ambaye methali hizo mbili hazimtoshi. Huyu haji kwa njaa wala kwa udugu. Huja ili ajue. Hulala usiku mmoja katika nyumba ya watu asiowajua, husikiliza, huandika, kisha huenda zake. Chakula alacho ni kidogo, lakini aondokapo huwa amebeba kitu kisichoonekana mkobani mwake. Insha hii inamhusu mgeni huyo, na inamhusu zaidi yule ampokeaye.

Wageni wa namna hiyo wamezidi duniani. Kusini magharibi ya Marekani, katika jangwa la majabali mekundu na mabonde makavu, liko taifa la Wanavajo, ambao kwa lugha yao hujiita Diné. Mwaka 1864 maelfu yao walitolewa na jeshi katika nchi yao, wakaswagwa kwa miguu mamia ya kilomita mpaka Bosque Redondo, na wengi walikufa njiani na kifungoni. Mwaka 1868 walifanya mapatano na serikali ya Marekani, wakaruhusiwa kurudi katika sehemu ya nchi ile. Leo atakaye kushuka ndani ya bonde la Canyon de Chelly, kwa kawaida hana budi aongozwe na Mnavajo. Wako wageni walalao usiku katika hogani, nyumba ya magogo na udongo ambayo mlango wake huelekea mawio ya jua. Na ziko hadithi ambazo kwa desturi hazisimuliwi majira ya joto. Asiyesubiri baridi huondoka bila ya kuzisikia. Watu waliopata kutolewa katika nchi yao wenyewe wamejua vema kwamba ubao ule ule ufunguao mlango ndio uufungao.

Msomaji hana haja ya kuvuka bahari ili aone jambo hili. Uwanda wa juu wa Ufipa umesimama kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki. Ni nchi ya majani mengi na miti michache, ya upepo mwingi na maneno machache. Mji wa Sumbawanga, makao ya Mkoa wa Rukwa tangu mkoa huo ulipoundwa mwaka 1974, uko kiasi cha mita 1,800 juu ya bahari, na jina lake hufasiriwa na wengi kuwa ni amri: tupa uchawi. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya huko huuma mpaka mifupani. Milanzi, ambayo watafiti wa zamani waliiandika Milansi, sasa ni kata ya Manispaa ya Sumbawanga. Mgeni asiyeambiwa neno ataona nyumba za matofali, mahindi, mikaratusi na watoto wanaotoka shule. Hataona kuwa amekanyaga mahali ambapo masimulizi ya Wafipa hupahesabu kuwa ndipo utawala ulipoanzia.

Mwezi Juni wa mwaka mmoja usio wa mbali, wanafunzi wanne wa chuo, wawili wanaume na wawili wanawake, walikwenda huko kulala usiku mmoja. Viongozi wao walikuwa wawili: mzee mmoja mwenye umri wa zaidi ya miaka sabini, na mjukuu wake wa kike aliyekuwa darasa la sita. Mzee alijua njia zote. Mjukuu alijua ni wakati gani babu yake amechoka. Walipofika nyumbani waliamkiwa kwa Kifipa, kwa kupigiwa makofi ya taratibu, mikono ikiwa imekutanishwa kifuani. Nao, wakiisha kufundishwa na mtoto yule, waliitikia kwa makofi yao yasiyo na mpangilio, na bibi wa nyumba akacheka. Kicheko hicho kilivunja ugeni kuliko hotuba.

Kabla jua halijatua walionyeshwa shamba. Wafipa wamelima kwa matuta tangu kale. Mvua zielekeapo kwisha, majani huchumwa yakakusanywa, yakafunikwa kwa mabonge ya udongo uliopinduliwa pamoja na nyasi zake, na tuta la mviringo likainuka. Ndani yake majani huoza. Juu yake maharage hupandwa. Msimu ufuatao tuta hutawanywa, na udongo uliorutubika hupokea ulezi au mahindi. Katika uwanda ambao miti yake haitoshi kuchomwa ili majivu yawe mbolea, maarifa haya yaliwawezesha watu kukaa mahali pamoja. Mwanafunzi mmoja aliuliza ni nani aliyeyabuni. Mzee alijibu kuwa aliyebuni hakukaa chini kujisifu, kwa sababu palikuwa na tuta jingine la kulima.

Usiku uliingia pamoja na baridi. Walikula ugali wa ulezi, maharage na samaki wakavu, wakakaa kuzunguka jiko la makaa. Ndipo wanafunzi walipotoa simu zao na kuomba ruhusa ya kunasa sauti. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Wajukuu zangu, naruhusu. Lakini mna masharti mawili. La kwanza, mahali nitakapopita bila ya kusema, msirudi nyuma kunivuta. La pili, mtakachoandika kirudi hapa. Nisikisikie kuwa kiko Dar es Salaam nami sikijui." Wakakubali wote. Ni rahisi kukubali sharti wakati masikio yana kiu.

Akasimulia hivi. Hapo kale mtawala wa kwanza alikuwa Ntatakwa, na wako wasemao kuwa alianguka kutoka mbinguni wakati dunia ilipoanza. Kiti chake kilikuwa Milanzi. Zama zilipita, na siku moja mtawala wa Milanzi alikwenda kuwinda. Kabla ya kuondoka alimwonya mkewe kuwa wageni wangekuja nyuma yake, na kwamba kigoda chake wasipewe. Wakaja wanawake watatu, ndugu, kutoka nchi ya mbali, wenye haiba ya kutisha na kupendeza. Mke wa mtawala alitahayari mbele yao. Hakuweza kuwaacha wasimame. Akawatolea kigoda cha mumewe, na aliyekikalia akawa mwenye nchi. Mtawala aliporudi kutoka mawindoni alikuta neno limekwisha. Hawakupigana. Walipatana kwamba wageni wawe na utawala wa nchi, na Milanzi ibaki na eneo lake dogo na heshima yake ya kuwa ya kwanza. Uzao wa wanawake wale ndio ukoo wa Watwa, ambao baadaye uligawanyika katika tawala mbili, Nkansi na Lyangalile.

Katikati ya masimulizi hayo mzee alifika mahali palipohusu mambo yaliyofanywa wakati wa mapatano. Akainua mkono, akasema, "Hapa napita," na kweli akapita. Katika sauti iliyonaswa husikika mlio wa kaa likipasuka, kikohozi, na ukimya wa muda mrefu.

Hadithi hii si ngeni kwa wanazuoni. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyekaa Ufipa mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliichapisha na kuifasiri mwaka 1967, akairudia kwa mapana katika kitabu chake cha mwaka 1981 juu ya kukua kwa dola ya Wafipa. Kwa maoni yake Milanzi ni kichwa na Watwa ni kiuno: kichwa kina ukubwa na hekima, kiuno kina nguvu na uzazi, na mwili haukamiliki kwa kimoja. Ufafanuzi huo una uzuri wake. Lakini usiku ule, kando ya jiko, mazungumzo yalishika njia nyingine, na aliyeishika alikuwa mtoto.

"Babu," mjukuu aliuliza, "mke wa mtawala aliitwa nani?"

Mzee akajibu kuwa hakupata kuambiwa jina lake.

"Na wewe hukuuliza?"

"Sikuuliza."

Mwanafunzi mmoja wa kiume, akitaka kumsaidia mzee, alisema kuwa jina lake si kitu, maana kazi yake katika hadithi ni kukosa: aliambiwa asitoe kigoda, akakitoa, na nchi ikapotea. Bibi alikuwa akigeuza makaa kwa kijiti. Hakuinua uso. Akasema, "Mjukuu wangu, kama asingekitoa mngesemaje? Mngesema Milanzi palikuwa na mwanamke mchoyo, wageni watatu walisimama juani mbele yake. Angelaumiwa kwa kutoa, angelaumiwa kwa kunyima. Mumewe alikuwa wapi? Alijua wageni wanakuja, akaenda kuwinda. Mwenye kumlaumu aanze kwanza kwa kuuliza ni nani aliyeachiwa nyumba."

Hakuna aliyejibu. Mzee mwenyewe alimtazama mkewe kama mtu aliyeisimulia hadithi miaka hamsini na kuisikia siku moja. Naam, ukarimu hutungiwa sheria na wanaume barazani, lakini hutekelezwa na wanawake mlangoni. Mtunga sheria yuko mawindoni, mwenye kuitekeleza yuko uso kwa uso na mgeni, na hana nafasi ya kwenda kuuliza. Hadithi ya kigoda husomwa sana kuwa ni hadithi ya wafalme. Yaweza kusomwa pia kuwa ni hadithi ya mtu mmoja aliyelazimika kuamua peke yake katika muda wa kupepesa jicho, kisha akabebeshwa hukumu ya vizazi.

Jambo jingine lilidhihirika usiku ule, nalo si dogo. Mjukuu alikuwa akiisikia hadithi ile kwa mara ya kwanza. Alizaliwa katika nyumba ile, hulala chumba cha pili, hula chungu kimoja na msimuliaji. Lakini jioni zake zilikuwa za madaftari na redio, na jioni za babu zilikuwa za usingizi wa mapema. Hapakuwa na mtu wa kumwuliza mzee, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kusema. Wageni walipokuja kwa haja yao wenyewe, mtoto wa nyumba alipata urithi wake. Hapa methali ya kwanza ilitimia kwa namna isiyotazamiwa: mgeni alikuja, na mwenyeji akapona maradhi aliyokuwa hajui kuwa anayo.

Lakini asubuhi ilileta methali ya pili. Wanafunzi walipelekwa kuona ilungu, yaani tanuri la kuyeyushia chuma, lililokuwa mwisho wa shamba la familia. Wahunzi wa Ufipa walijenga matanuri ya udongo marefu kupita mtu, yenye kwenda juu yakipungua upana, na matundu yaliyopangwa chini kuzunguka shina. Ndani yake mawe ya chuma yalipangwa pamoja na makaa. Halikuvuviwa kwa mivukuto: joto lilipopanda juu, hewa iliingia yenyewe kwa chini, na tanuri likapumua mchana na usiku. Kilichotoka kilikuwa chuma kichafu chenye matundu, kikatiwa katika kitanuri kidogo kiitwacho kintengwe, ambacho ndicho kilichovuviwa kwa mivukuto, kikasafishwa, kisha kikafuliwa kuwa jembe, shoka au mkuki. Majembe ya chuma kutoka ng'ambo yalipoenea kwa bei nafuu, kazi hiyo ilififia na hatimaye ikaachwa katika karne ya 20. Matanuri yalibaki yamesimama katika nyasi, mengine mazima, mengine nusu, yamezungukwa na mavi ya chuma.

La familia ile lilikuwa limebaki nusu. Hapo alikuwako mtoto wa mzee, mtu wa makamo, aliyekuja kuwasalimu wageni kwa adabu zote. Baada ya salamu alisema kuwa sehemu ile ya shamba ina mnunuzi kutoka mjini, kwamba tanuri halina budi kuondoka, na kwamba fedha zitalipa ada ya shule ya watoto wake wawili. Alisema bila ya ukali. Mzee hakujibu neno. Si kwamba alikubali. Mbele ya wageni baba hagombani na mwanawe, na mwana alijua hivyo.

Mwanafunzi mmoja alishindwa kunyamaza. Alieleza kwamba vitu kama vile ni hazina ya taifa, na kwamba iko sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964.

"Baba," akasema yule mtu, akimwita kijana kwa heshima kama ilivyo desturi, "sheria hiyo imepata kulala hapa hata usiku mmoja?"

Swali hilo lilikuwa gumu, kwa kuwa lilikuwa la haki. Akaendelea kusema kuwa babu zake hawakujenga ilungu ili litazamwe. Walilijenga ili wapate majembe, na majembe yapate chakula, na chakula kilee watoto. Yeye naye anataka kulea watoto. Kama tanuri laweza kulea watoto kwa kusimama, lisimame. Kama laweza kuwalea kwa kuanguka, lianguke. Mzee aliinama akaokota kipande cha mavi ya chuma, akakishika kiganjani muda mrefu, akakitia mfukoni.

Wasomi wana desturi ya kumhukumu mtu kama huyu upesi. Huitwa mwenye kusahau asili. Lakini aliyelala usiku mmoja hawezi kumhukumu aliyeamka hapo maisha yake yote. Mji unakuja Milanzi kama wanawake watatu walivyokuja: una haiba, hauna silaha, na hauombi ila mahali pa kukaa. Kiwanja kimoja leo, kiwanja kimoja kesho. Na mtoto wa mzee, kama mke wa mtawala, ameachwa peke yake mlangoni aamue. Wenye sheria wako mawindoni. Wenye vitabu wako mawindoni. Wakirudi, watauliza ni nani aliyetoa kigoda.

Historia ya karibu ina funzo lake pia. Mwaka 1963 serikali ya Tanganyika ilifuta mamlaka ya watawala wa jadi. Siku hiyo aliyepewa kigoda na aliyekipoteza walikuwa sawa: Nkansi, Lyangalile na Milanzi hazikuwa na utawala tena. Nguvu iliyochukuliwa na wageni wa kale ilikwenda na maji. Kilichobaki kwa pande zote mbili ni masimulizi. Basi kinachopotea katika utawala chaweza kurithiwa katika neno, ikiwa liko sikio la kukirithi. Neno likipotea, hakuna upande utakaobakiwa na kitu.

Wakati wa kuagana wanafunzi walitoa bahasha yenye fedha walizochangishana. Mzee hakuipokea kwa mkono wake; aliashiria apewe bibi, kwa kuwa yeye ndiye aliyepika. Bibi alipiga makofi ya shukrani, akaitia katika pindo la kanga bila ya kuifungua. Kisha mzee akawakumbusha sharti la pili kwa maneno machache: "Kirudi."

Huko chuoni kazi ya kuandika ilileta mabishano. Walipofika mahali pale pa ukimya, mwanafunzi mmoja alisema pengo lijazwe kwa yale waliyoandika watafiti wa zamani, ili nakala iwe kamili. Mwenzake wa kike alikataa. Alisema kuwa kitabu cha mtafiti kina haki ya kusema kilichoambiwa, na mzee ana haki ya kunyamaza anachotaka. Kuyatia maneno ya kitabu katika kinywa cha mzee ni kumkalia kigoda chake yuko nje. Walibishana siku tatu. Mwishoni waliandika yote aliyosema, na mahali alipopita waliandika maneno yake yale yale: hapa napita. Chini yake waliacha mistari mitatu mitupu. Swali la mjukuu na jibu la bibi waliyaandika pia, ingawa hayakuwa sehemu ya hadithi kama hadithi huhesabiwa vitabuni.

Nakala ilipelekwa Milanzi mwezi Septemba, imeshonwa kwa uzi katika jalada gumu. Mjukuu aliisoma kwa sauti mbele ya babu yake, na mzee alimsahihisha mahali pawili. Baba yake mdogo, mwenye shamba, alisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Mnunuzi alikuwa bado anangoja. Mwaka ule kiwanja hakikuuzwa, na mahindi yalipandwa kuzunguka tanuri bila ya kuligusa. Ada ililipwa nusu. Mwaka unaofuata una ada yake, na jibu lake halijaandikwa.

Anayekwenda kwa watu ili ajue hulala usiku mmoja, na kwa hiyo huikwepa siku ya tatu, siku ya jembe. Huondoka angali mgeni, angali ameheshimiwa, kabla hajaombwa kulima. Huo ni wepesi usio wa haki. Jembe lake halina budi limfuate alikokwenda: arudishe alichoandika, asijaze palipoachwa wazi, na atafute, pamoja na wenye shamba, njia ambayo tanuri laweza kusimama na mtoto akasoma. Asipoweza hilo la mwisho, walau asimlaumu aliyebaki mlangoni.